Mnara Usiobeba Kitu: Tunachokosea Tunapoisifu Het Schip

Tarehe 27 Oktoba 2025 Amsterdam ilitimiza miaka 750, ikihesabu tangu jina lake lilipoandikwa kwa mara ya kwanza katika hati ya msamaha wa ushuru. Mji wa umri huo hauishiwi picha za kusambaza, lakini kuna moja inayorudi kila watu wanapobishana mtandaoni kuhusu uzuri wa majengo: ghorofa za matofali mekundu zinazopinda kama mawimbi, kona zilizovimba, na mnara mwembamba uliochongoka, umesimama juu ya paa bila kazi yoyote inayoonekana. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni kanisa. Ni nyumba za wafanyakazi zilizojengwa kati ya 1919 na 1921, na wenyeji waliziita Het Schip, yaani Meli, kwa sababu ya umbo lake. Chini ya picha hiyo maoni huwa ya aina mbili. Wa kwanza husema wazee walijua kujenga, turudishe mtindo ule. Wa pili husema ule ulikuwa ubadhirifu, maskini anahitaji chumba na bomba la maji, mnara wa nini?

Nadhani pande zote mbili zinakosea, na zinakosea mahali pamoja: zote zinautazama ukuta kana kwamba ukuta ndio uliotangulia. Hoja yangu ni kwamba matofali yale yaliyopinda ni matokeo ya namna nyumba zilivyomilikiwa. Katika miaka ile baina ya vita viwili vya dunia, sanaa ya ekspresionismu, inayotoa nje yaliyo moyoni badala ya kunakili yanayoonekana, ilipata nafasi kwenye nyumba za watu wa kawaida kwa sababu ardhi, mkopo na faida vilikuwa vimetolewa mikononi mwa mlanguzi. Vyama vya wapangaji na vya wafanyakazi vilikuwa na kitu cha kusema, na kwa mara ya kwanza vilikuwa na ukuta wa kukisemea. Ukichukua umbo bila mpango ule wa umiliki, unabaki na pambo. Ukikataa umbo kwa kisingizio cha gharama, hujamwokoa maskini, umemnyamazisha tu.

Tuanze na sheria, maana hadithi hii inaanzia bungeni kabla ya kufika kwa waashi. Mwaka 1901 Uholanzi ilipitisha Sheria ya Makazi, Woningwet. Iliilazimisha miji kuweka kanuni za ujenzi, ikairuhusu kubomoa nyumba zisizofaa kukaliwa na binadamu, na, jambo lililobadilisha kila kitu, ikafungua mlango wa mikopo ya serikali kwa vyama vya nyumba visivyogawana faida. Amsterdam yenyewe ilikuwa imeacha kuuza ardhi yake tangu 1896. Iliikodisha kwa muda mrefu na kubaki mwenyewe. Weka mambo hayo mawili pamoja. Chama kama Eigen Haard, kilichoanzishwa 1909, hakikuhitaji kununua kiwanja kwa bei ya mlanguzi, wala kumtafuta tajiri wa kumkopesha kwa riba ya kuumiza. Mwaka 1914 Floor Wibaut, msoshalisti, akawa diwani mwenye dhamana ya makazi, na mwaka uliofuata jiji likaunda idara yake ya nyumba chini ya mhandisi Arie Keppler. Hao wawili hawakuwa wasanii, lakini bila wao kusingekuwa na mnara.

Msomaji wa Kiswahili asikiapo neno ushirika huwaza kahawa au pamba, na si vibaya: Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilizaliwa 1933, katika kipindi hicho hicho. Ila vyama vya Amsterdam havikuwa ushirika wa hisa kwa maana ile. Mwanachama hakumiliki nyumba yake. Alipanga kutoka kwenye chama ambacho yeye ni sehemu yake, na chama hakikuruhusiwa kumgawia mtu faida. Tofauti hiyo ndogo itakuja kuwa kubwa tukifika New York.

Sasa mtu mwenyewe. Michel de Klerk alizaliwa 1884 katika familia maskini ya Kiyahudi ya Amsterdam, akaingia ofisi ya msanifu Eduard Cuypers akiwa bado kijana mdogo, na huko akakutana na Johan van der Mey na Piet Kramer. Watatu hao walishirikiana kwenye Scheepvaarthuis, jengo la makampuni ya meli lililojengwa 1913 hadi 1916, ambalo limejaa sanamu na matofali yaliyochongwa hadi jicho linachoka. Ilikuwa fedha ya wenye meli, na fedha ya wenye meli ilinunua urembo kama ilivyozoea. Jambo la kushangaza ni lililofuata. Katika mtaa wa Spaarndammer, karibu na reli, mjenzi binafsi Klaas Hille alimpa De Klerk jengo la kwanza la ghorofa za wafanyakazi. Vita Kuu ikapandisha bei ya vifaa, mjenzi huyo akashindwa kuendelea, na Eigen Haard ikachukua kazi iliyobaki. Angalia vizuri kilichotokea hapo: mtaji binafsi uliposhindwa, chama kikaingia, na usanifu haukurudi nyuma. Ulipanda. Jengo la tatu, lile la chama tangu mwanzo, ndilo Het Schip, na ndilo lenye ujasiri kuliko yote.

Kiwanja kilikuwa cha pembetatu, na De Klerk alikijaza kwa nyumba 102, ofisi ya posta kwenye ncha, ukumbi wa mikutano ndani ya ua, na shule iliyokuwepo tangu awali akaikumbatia ndani ya umbo lake. Posta ilikuwa na chumba cha simu, wakati ambapo simu nyumbani kwa mfanyakazi ilikuwa ndoto. Matofali yamelazwa, yamesimamishwa, yamepindwa. Milango ina maumbo yasiyojirudia. Madirisha yamegawanywa kwa vipande vingi vya mlalo kama ngazi. Mnara uko upande mfupi, unakitazama kiwanja kidogo. Haubebi kengele wala tangi la maji. Watu waliokulia katika vyumba vya uani, vyenye vitanda vya ndani ya kabati na hewa nzito, walipewa kitu ambacho mpaka siku hiyo kilijengwa kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya manispaa: alama inayoonekana kutoka mbali na kusema hapa pana watu.

De Klerk alifariki Novemba 1923, siku aliyotimiza miaka 39. Mke wa mfanyakazi mmoja aliandika barua katika gazeti la kisoshalisti la Het Volk kumlilia mtu aliyejenga nyumba zao, akisema kama vile kila tofali linawaita wafanyakazi waje wapumzike. Mwanamke yule, aliyepanda ngazi zile kila siku na mzigo wa sokoni, aliisoma kazi ile kuliko wengi wetu tunaoitazama kwenye simu.

Upande wa kusini wa jiji, katika mpango mkubwa wa mitaa uliochorwa na Hendrik Berlage na kupitishwa 1917, chama kingine cha kisoshalisti, De Dageraad, yaani Mapambazuko, kiliwaita De Klerk na Kramer. Kati ya 1920 na 1923 Kramer alichora kona za mtaa wa P.L. Tak ambapo kuta zinapanda kwa tabaka kama maji yanayoumuka, na mchongaji Hildo Krop akaweka sanamu. Mtaa wenyewe umepewa jina la mwanasiasa wa chama cha kisoshalisti. Jina la chama, jina la mtaa, umbo la kona: vyote vinasema neno moja. Ujerumani, Bruno Taut aliyejenga banda la kioo mjini Cologne mwaka 1914 na kuota miji ya fuwele milimani, alifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Kwenye makazi ya ushirika ya Falkenberg, Berlin, yaliyoanza 1913, na baadaye kwenye nyumba za Britz zilizopangwa kwa umbo la kiatu cha farasi kuanzia 1925, alitumia rangi. Rangi ni rahisi kuliko tofali lililochongwa, na mlango wa bluu karibu na mlango mwekundu humwambia mtoto nyumbani kwao ni wapi. Makazi yote mawili yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008.

Nije kwenye hoja za wanaopinga, nikianza na ile dhaifu kwa sababu ndiyo inayorudiwa sana: kwamba mfanyakazi hakuhitaji uzuri, alihitaji chumba, na kila senti iliyokwenda kwenye mnara ilitoka kwenye chumba cha mtu mwingine. Hoja hii ilisikika wakati ule ule. Rotterdam, msanifu J.J.P. Oud alichagua njia ya kinyume, nyumba za kufanana, kuta nyeupe, umbo moja linalojirudia, na heshima yake ni kubwa na ya haki. Mtaa wake wa Kiefhoek, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, ulibana gharama mpaka kwenye mfupa. Lakini urahisi una bili inayokuja baadaye. Misingi na ujenzi wa Kiefhoek havikudumu, nyumba zilikuwa finyu mno, na miaka ya 1990 mtaa huo ulibomolewa na kujengwa upya kwa sura ile ile. Het Schip ilikarabatiwa na bado inakaliwa. Sisemi pambo ndilo lililoshikilia ukuta. Nasema hesabu ya gharama inayosimama siku ya kukabidhi funguo ni hesabu ya mkandarasi, na mwanachama atakayeishi pale miaka 50 akilipa mkopo ana hesabu nyingine. Tena, waliodai unyofu kwa maskini hawakuudai kwa wenye meli. Scheepvaarthuis haikuitwa ubadhirifu. Uzuri ulianza kuonekana ghali siku ulipohamia kwa mfanyakazi.

Hoja ya pili ni nzito, na siwezi kuipita. Wakosoaji waliuita usanifu ule wa aproni: kitambaa kizuri kilichofungwa mbele ya mwili wa kawaida. Ni kweli kwa sehemu kubwa ya kusini mwa Amsterdam. Mapema miaka ya 1920 serikali ilipunguza ruzuku, vyama vikakosa nguvu, na wajenzi binafsi wakarudi. Jiji lilikuwa na kamati ya uzuri iliyokagua michoro, kwa hiyo mjenzi alipanga vyumba kwa namna yake ya kupata faida, kisha akamwajiri msanifu mwenye jina amchoree uso wa nje ili kamati ipitishe. Ndiyo maana unaweza kutembea mitaa kadhaa ya matofali yanayopendeza bila kujua kama nyuma yake kuna chama au mpangishaji. Hata ndani ya Het Schip, vyumba havikuwa vipana, na madirisha yale ya ngazi, mengine madogo na ya juu, yaliibia sebule mwanga kwa faida ya picha ya nje. Hapo msanifu alisikiliza mkono wake kuliko mpangaji, na waliolipa gharama ni wanawake walioshona na kupika kwenye mwanga hafifu. Nakubali lawama hiyo. Lakini tazama inathibitisha nini. Umiliki ulipobadilika, mtindo haukufa mara moja. Ulibaki ukiwa ngozi. Wanaosema leo turudishe tu mtindo wanatuomba turudishe ngozi hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa majengo haya hulinyamazia, nami naona ndilo linalouma zaidi. Nyumba za vyama hazikuwa za maskini wa mwisho. Kodi yake ilimfaa fundi mwenye ujira wa uhakika, mtu wa chama cha wafanyakazi, mwenye vitabu viwili vitatu kabatini. Familia ambazo jiji liliona hazijui kuishi, zenye deni, fujo au uchafu, hazikupewa funguo. Kwa ajili yao idara ile ile ya makazi iliyosimamia ndoto ilifungua mwaka 1927, ng'ambo ya maji kaskazini mwa jiji, kijiji cha Asterdorp: nyumba zilizozungushiwa ukuta, lango moja, na wasimamizi wa kuangalia tabia. Watu walipelekwa pale wafundishwe kukaa, na wakishafuzu ndipo wapewe nyumba ya kawaida. Aibu ya kuwa mtu wa Asterdorp iliwafuata wengi maisha yao yote. Lango la matofali bado lipo. Nyumba zenyewe zilibomolewa miaka ya 1950. Nimelitaja kwa sababu lugha ya ekspresionismu ilidai kusema kwa niaba ya watu wote, na chama chochote kinachosema sisi huwa kimeshachora mpaka wa nani si sisi. Mnara wa Het Schip na lango la Asterdorp vilitoka kwenye bajeti ya mawazo yale yale: kwamba nyumba humtengeneza mtu. Mwenye kusifu kimoja ana wajibu wa kukitazama na cha pili.

Je, hilo linaangusha hoja yangu? Nadhani linaisahihisha. Umiliki wa pamoja ulifungua mlango wa sauti, lakini haukuamua peke yake nani aingie. Hilo liliamuliwa na kodi ya pango na masharti ya uanachama, vitu visivyoonekana kwenye picha yoyote.

Mfano wa New York unaonyesha hayo kwa ukali zaidi, kwa sababu kule hakukuwa na Woningwet. Wafanyakazi Wayahudi wa viwanda vya nguo, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, walijenga ushirika wao wenyewe eneo la Bronx katika nusu ya pili ya miaka ya 1920. Kundi la kikomunisti lilijenga karibu na barabara ya Allerton makazi yaliyojulikana kama the Coops, nyumba zaidi ya 700, yakianza 1926. Majengo ya kwanza, ya ofisi ya Springsteen na Goldhammer, yalivaa sura ya Kiingereza ya kale iliyokuwa ikipendwa wakati huo. Awamu ya pili, iliyochorwa na Herman Jessor, iligeuka: matofali yaliyochezewa, kona zenye pembe, mapambo yanayokumbusha Amsterdam na Ujerumani, na juu ya milango nembo za wafanyakazi, nyundo na mundu zikiwemo. Zaidi ya nusu ya ardhi iliachwa kuwa bustani. Kulikuwa na maktaba na malezi ya watoto, na miaka ya 1930 familia za Weusi zilikaribishwa kuishi pale, wakati sehemu kubwa ya jiji iliwafungia mlango. Kwa upande huo Bronx iliitangulia Amsterdam ya Asterdorp kwa utu.

Jirani yao, chama cha washonaji cha Amalgamated, chini ya Abraham Kazan, kilichukua njia ya tahadhari. Kilitumia sheria ya jimbo la New York ya 1926 iliyotoa msamaha wa kodi kwa miradi iliyokubali kubana faida isizidi asilimia 6. Mwanachama alilipa dola 500 kwa kila chumba kama mtaji, fedha nyingi kwa mshonaji, na benki ya chama ikawakopesha wengi. Nyumba 303 za kwanza, mwaka 1927, zilikuwa na sura ile ile ya Kiingereza, za heshima na zisizothubutu. Ni mwaka 1930, kwenye mtaa wa Grand kule Manhattan, ndipo Amalgamated na wasanifu wale wale Springsteen na Goldhammer walipojenga jengo lenye ua mkubwa na tao refu lililochongoka kama yai, mfano wa nyumba za manispaa ya Vienna. Kupita chini ya tao lile unatoka kwenye kelele za mtaa na kuingia kwenye bustani ya watu waliokuwa wakiishi vyumba visivyo na dirisha mitaa michache tu kutoka hapo.

Sasa linganisha walivyoishia. Mdororo wa uchumi ulipokuja, wanachama wa the Coops walisimama na wenzao waliokosa kazi, wakakataa kufukuza mtu kwa kodi, na baadaye wakakataa pia kupandisha kodi kwa kiasi kidogo ambacho wakopeshaji walikitaka. Mwaka 1943 ushirika ulipoteza umiliki, na majengo yakaangukia kwa mpangishaji binafsi. Amalgamated, iliyobana matumizi, ikakusanya akiba na kulipa deni lake, bado ni ushirika hadi leo. Kwa hiyo jengo lenye sauti kubwa zaidi ndilo lililopoteza hati, na lile lenye uso wa kawaida ndilo lililobaki na wanachama wake. Anayeamini mtindo wenyewe huleta ushirika hana jibu kwa jambo hili. Wala hana jibu anayedhani pambo ndilo lililowafilisi, kwa sababu deni lao lilikuwa la mkopo wa nyumba na la huruma, halikuwa la matofali.

Uholanzi yenyewe imelipitia jaribio hili karibuni. Mwaka 2013 serikali iliweka kodi maalumu kwa vyama vinavyopangisha nyumba za bei nafuu, na kwa karibu miaka kumi vyama vilipeleka hazina mabilioni ya yuro, vikauza nyumba na kupunguza ujenzi mpya. Kodi hiyo ilifutwa kuanzia 2023, uhaba wa nyumba ukiwa umeshakuwa kilio cha taifa. Katika miaka hiyo hiyo thamani ya mtindo wa Amsterdam machoni pa watalii ilipanda, jumba la makumbusho ndani ya Het Schip likapanuliwa, na makala za kusifu matofali zikaongezeka. Jengo lilipata wapenzi wapya wakati mfumo uliolizaa unakamuliwa. Eigen Haard bado inapangisha nyumba nyingi ndani ya Het Schip kwa kodi ya pango iliyo nafuu, na hilo ndilo jambo adimu kuliko mnara. Upande wa Bronx, mpita njia wa barabara ya Allerton bado anaweza kuinua macho na kuiona nyundo na mundu juu ya mlango, imechongwa vizuri, haijafutika, na chini yake mpangaji anafungua mlango kwa ufunguo aliopewa na mwenye nyumba.